Ukuta Hauombi Radhi

Mama yangu mdogo ana alama ya jino kwenye bega la kushoto. Ni kovu dogo lenye umbo la ukucha, na hakuna ambaye angelijali kama jino lenyewe lisingekuwa la mtu maarufu. Watu wakimwuliza, huvuta kola ya blauzi pembeni na kuwaonyesha bila haya. "Mliambiwa nimempiga," huwaambia. "Haya, tazameni wenyewe nani alimuuma nani."

Nyumbani tunamwita Mamdogo, hata wale ambao kwao ni shangazi. Uwanjani aliitwa Kisiki. Jina hilo alipewa na mashabiki wa timu pinzani waliodhani wanamtukana, naye akalipenda, akataka liandikwe mgongoni mwa jezi yake. Kisiki hakimfuati mtu, alisema. Ni wewe unayekwenda kujikwaa.

Alizaliwa mrefu. Bibi husema alimzaa kwa awamu, kichwa leo, miguu kesho. Shuleni alikalishwa dawati la nyuma ili wenzake waone ubao, na hapo nyuma ndipo alipookotwa na mwalimu wa sayansi kimu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya king'ora, aliyefundisha upishi asubuhi na mpira wa kikapu jioni na hakuona sababu ya kuyatenganisha masomo hayo. Alifuga kuku nyuma ya madarasa. Wasichana aliotaka wajifunze kukaba aliwapa mayai mabichi, moja kila mkono.

"Haya, kabeni. Atakayepasua atapiga deki uwanja mzima."

Hakueleza zaidi, wala hakukuwa na haja. Mkono ulioshika yai hauvuti jezi ya mtu. Hausukumi, haupigi, haukwaruzi. Kinachobaki ni miguu: unamsoma mwenzako anataka kupita wapi, unamtangulia hapo, unasimama. Akikugonga, amekugonga yeye. Wasichana wengi walipiga deki mpaka wakahamia kwaya. Mamdogo alipiga deki muhula mzima, kisha siku moja akamaliza mazoezi na mayai yake yote mawili yakiwa mazima, na toka siku hiyo hakukaba tena kwa namna nyingine. Hata alipofika ligi ya kulipwa, alikaba akiwa amefumba viganja kidogo, kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kukivunja.

Ligi ya wanawake hailishi mtu peke yake, kwa hiyo asubuhi alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Kipo nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Ukiingia, joto linakupiga usoni kama taulo lililochemshwa. Kuna mashine ya kukandia inayolalamika kila inapogeuka, meza ndefu ya bati, rafu za trei, na tanuri ambalo mlango wake haufungi mpaka upigwe teke mahali pamoja tu, panapojulikana na fundi wa tanuri na Mamdogo. Kazi yake ilikuwa kukata na kuviringa unga uliokandwa, lakini mayai pia yalikuwa yake. Alivunja mawili kwa pamoja, moja kila mkono, bila ganda kudondokea bakulini.

"Uwanjani huyapasui, hapa unayaua," fundi wa tanuri alimtania.

"Hapa ndiyo nalipiza kisasi, mzee wangu. Yalinitesa sana utotoni."

Ndipo akaja Kipepeo.

Hilo si jina lake la kuzaliwa, lakini ndilo mtangazaji alilompa kwenye mechi yake ya kwanza, na likaganda. Alikuwa binti mwembamba, mwepesi, na alikuwa anatupa mpira kutoka umbali ambao wenzake walikuwa bado wanatafuta pa kuupeleka. Mpira ukiingia hukusikia kitu ila wavu. Kabla yake, watazamaji wetu walikuwa ndugu na wauza maji. Baada yake, watu walipanga foleni nje ya geti tangu mchana, na sura yake ikawa kwenye mabango ya sabuni, ya simu na ya mafuta ya kupikia, akitabasamu kwa meno ya mbele yaliyopangika kama punje za mahindi.

Timu yake ikapewa chumba cha kubadilishia nguo chenye vioo na feni. Timu nyingine zote, zikienda kucheza huko, zilibanana kwenye chumba kimoja chenye bomba lililofunguliwa kwa spana. Na waamuzi nao wakabadilika. Ukimsogelea Kipepeo akiwa na mpira, filimbi inalia. Ukimpulizia, filimbi inalia. Mtangazaji akisema "ooh, amemgusa," unajua faulo imeshapita.

Lakini hiyo ilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine nilikuwa nikiiona kwa sababu nilikaa viti vya chini kabisa, nyuma ya benchi la timu yetu, mahali ambapo kamera hazielekei. Mpira ukiwa upande mwingine na macho ya refa yakiufuata, Kipepeo alikuwa akila viwiko vya mbavu. Alikanyagwa vidole. Alipigwa goti la paja, na aliyempiga akageuka kuinua mikono juu kama malaika. Makocha walikuwa na neno lao: "Mkaribisheni." Binti alikaribishwa kila mechi mpaka akawa anatembea kama bibi kizee akidhani hakuna anayemwona.

Mamdogo alichukia vyote viwili kwa kipimo kimoja. "Wanampiga kwa wivu, wanamlinda kwa biashara," alisema akiwa anafua soksi zake. "Hakuna anayecheza naye mpira."

Yeye alicheza naye. Kila timu hizi mbili zilipokutana, Kisiki ndiye aliyemkaba Kipepeo, na Kipepeo alifunga kidogo kuliko siku zake nyingine zote, bila alama hata moja mwilini. Kisha tukafika fainali.

Fainali ni mechi tatu, anayeshinda mbili anachukua kombe. Mamdogo alikuwa ameshasema ndizo mechi zake za mwisho. Magoti yake yalikuwa yakitoa sauti kwenye ngazi, na Bibi alikuwa amechoka kumkanda kila Jumapili. Mechi ya kwanza ilikuwa inaelekea mwisho, sisi tukiongoza, Kipepeo alipochukua mpira katikati ya uwanja na kuja mbio. Mamdogo alimwona. Akaenda pale alipoona atapita, akasimama, miguu chini, viganja vimefumbwa juu ya kichwa. Kipepeo alikuwa ameshafika hewani. Akamwangukia mzimamzima, mdomo wake ukatua begani kwa Mamdogo, wote wakaanguka. Binti alipoinuka, jino la mbele lilikuwa limekatika nusu. Jino la kwenye mabango.

Uwanja ulilipuka. Mamdogo, huku damu ikimchuruzika begani, alipiga magoti akakitafuta kile kipande sakafuni, akakiokota, akampelekea nesi. "Pole, mdogo wangu," alimwambia Kipepeo. "Pole sana." Kisha mlinzi akamsogeza kando.

Tulishinda mechi, lakini hakuna aliyezungumzia ushindi. Kesho yake picha za video zilikuwa kwenye kila simu, zikianzia pale Kipepeo alipokuwa ameshaanguka. Waliiita ukatili. Mwingine akaiita wivu wa mwanamke mzee. Kiwandani wateja wawili watatu walisema hawali mkate wa mikono ile, na bosi, ambaye bango la Kipepeo lilikuwa ukutani juu ya kiti chake, alimwita Mamdogo akamwambia kwa upole wa uongo, "Angalia sana dada, usije ukamwaga unga."

Mamdogo alitazama sakafu, ambayo ilikuwa nyeupe yote. "Bosi, hapa nani hajamwaga?" Fundi wa tanuri alicheka mpaka akasahau mikate.

Meneja wa klabu yetu alikuja nyumbani jioni. Ni mtu wa viatu vilivyong'aa na simu mbili. Bibi alikuwa anaosha lile jeraha kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, Mamdogo akiwa amekaa kwenye kigoda, magoti yamefika kidevuni.

"Dada, nimekuja na jambo dogo tu," meneja alisema. "Tunarekodi hapa hapa. Unasema, naomba radhi kwa nilichomfanyia Kipepeo, naomba radhi kwa mashabiki wote. Sekunde chache, yamekwisha."

"Pole nilishampa. Nitampa tena hata mara mia, maana ameumia, na ni mtoto wa mwenzangu. Radhi siombi."

"Tofauti iko wapi? Ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, yaseme wewe."

Bibi akainua kitambaa chenye damu. "Ngoja kwanza, baba. Mimi sijasoma. Hili hapa begani kwa mwanangu ni nini?"

"Ni... jeraha, mama."

"Jeraha la nini?"

Meneja akakohoa. "La jino."

"Basi mwanangu ndiye kaumwa. Tangu lini aliyeumwa akamwomba radhi aliyemuuma? Hata mbwa wa jirani wana utaratibu kuliko huu wenu."

Nilikuwa nimejificha na kitabu changu mlangoni, nikafunika uso nacho. Meneja hakucheka. Alisema wafadhili wamepiga simu, ligi imepiga simu, na klabu imeamua: bila radhi, Kisiki hachezi. "Na ukumbuke wahenga," aliongeza akiwa anasimama. "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Kushindwa nakubali, nimeshindwa mara nyingi na nikapeana mikono," Mamdogo alisema. "Kusingiziwa ndiyo sikubali. Mimi nilisimama. Mtu akikimbia akagonga ukuta, atapewa pole, atatibiwa, lakini ukuta hauombi radhi."

Mechi ya pili aliitazama kutoka benchi, amevaa suti ya mazoezi iliyofungwa zipu mpaka shingoni. Mahali pake kocha alimweka msichana waliyemwita Nyundo, na jina lilimtosha. Nilimsikia kocha kwa masikio yangu: "Mkaribishe." Nyundo alimkaribisha. Alimpiga Kipepeo kiwiko wakati refa amegeuka, akampiga nyonga wakati refa anafunga kamba za kiatu. Kipepeo alicheza na jino la muda, rangi yake tofauti kidogo na mengine, na kila alipogusa mpira filimbi ilimlipa yale aliyopigwa asipokuwa nao. Mitupo ya adhabu ikafuatana mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Nyundo alitolewa kwa faulo tano kabla ya robo ya mwisho, akapita mbele ya Mamdogo akilia.

"Nimefanya nilichoambiwa, dada."

"Ndiyo ubaya wake," Mamdogo alisema, akamkalisha karibu yake, akampa maji.

Tulipoteza. Sasa kila timu ilikuwa na ushindi mmoja, na mechi ya tatu ndiyo ya mwisho kwa kombe na kwa Mamdogo. Meneja alimtumia ujumbe: nafasi bado ipo, sema tu. Mamdogo aliufuta. Lakini alijiandaa kama anayecheza. Kila alipotoka kazini alibaki kwenye ua wa nyuma wa kiwanda, kati ya magunia matupu na rundo la trei, akachukua mayai mawili yenye nyufa ambayo bosi asingeyauliza, na kwa kuwa Nyundo na wenzake walikatazwa kufanya mazoezi naye, Kipepeo nikawa mimi. Mpira naujua kwa kuusoma. Nilikuja mbio kama kuku aliyefunguliwa, nikaenda kushoto, alikuwepo; nikaenda kulia, alikuwepo. Mwisho nilifumba macho nikaenda moja kwa moja, nikaangukia kifua kigumu chenye harufu ya hamira, nikajikuta nimekaa chini. Mayai yalikuwa mazima.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Nimekupiga?"

"Hapana, Mamdogo."

"Basi kama hata wewe msoma vitabu umeliona, wao wanashindwaje?"

Siku ya mechi ya tatu uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mamdogo alikuja na jezi yake chini ya suti ya mazoezi, akakaa mwisho wa benchi. Meneja alikuwa nyuma yake, simu mkononi, tayari kurekodi. "Hata sasa hivi, dada. Hapa hapa."

Mamdogo akamtazama kama mtu anayetazama mvua.

Timu zilikuwa zinapasha misuli. Ghafla kelele zikashuka. Kipepeo alikuwa ameacha mpira wake, anakatisha uwanja peke yake kuja upande wetu. Kamera zote zikamfuata. Alifika mbele ya Mamdogo akainama kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Jino linaendeleaje?"

"Linauma nikinywa baridi. Bega?"

"Linauma nikibeba magunia."

"Leo unacheza?"

"Sijaomba radhi, kwa hiyo wanasema sichezi. Na sitaomba. Kama umekuja kwa hilo, rudi."

"Nani amekuja kuombwa radhi?" Kipepeo akainua jezi kidogo ubavuni. Ngozi ilikuwa na madoa ya zambarau na ya kijani, mengine mapya, mengine ya zamani. Watu wa viti vya chini waliguna. "Hizi ni za mechi iliyopita. Hakuna kamera iliyoziona. Nikikabwa na wewe narudi nyumbani nimeshindwa, lakini mzima. Jino nililivunja mwenyewe, nilishawaambia, hawataki kusikia, wanasema itaharibu tangazo." Akamgeukia meneja. "Kaka, mwingize huyu. Kama hachezi yeye, na mimi sichezi."

Nimewahi kusoma kuhusu vita vilivyokwisha kwa sentensi moja, lakini sikuwa nimeona. Meneja alitazama mabango, akatazama watu, akatazama kamera. Simu ikarudi mfukoni.

Mamdogo hakusimama mara moja. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Unaona?" alimwambia Kipepeo. "Mimi nimesema mpaka mate yamenikauka, nikaonekana mkaidi. Umekuja wewe na neno moja, mlango umefunguka. Hiyo nayo ni dharau ileile."

"Najua, dada."

"Sipendi kupitishwa na nyota."

"Basi pita tu kwanza, mlango utagombana nao baadaye."

Mamdogo akacheka, akafungua zipu.

Ile ndiyo mechi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na naona haya kusema sikumbuki matokeo ya kila robo, kwa sababu nilikuwa nikitazama miguu ya watu wawili tu. Kipepeo alikwenda, Kisiki alikuwepo. Kipepeo alirudi nyuma akatupa kutoka mbali, ikaingia, akacheka na lile jino lake la rangi tofauti. Mara iliyofuata mkono wa Kisiki ulikuwa umeshafika juu ya mpira, umefumbwa kidogo, haujagusa hata ukucha. Nyuma yangu Bibi alikuwa amesimama juu ya kiti. "Msimamie! Msimamie hapo hapo, usimwachie hata njia ya sisimizi!"

Mwishoni tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, na filimbi ilikuwa imeshamlilia Mamdogo mara nne. Kipepeo akauchukua mpira katikati na kuja mbio, vilevile kama mechi ya kwanza. Mamdogo akaenda pale alipoona atapita, akasimama, viganja juu. Kishindo. Wote chini.

Filimbi ikalia, na refa akanyoosha kidole kwa Mamdogo. Faulo ya tano. Nje.

Kelele zilizotoka safari hii hazikuwa zilezile. Kulikuwa na miluzi mingi, na nusu yake ilikuwa ya mashabiki wa Kipepeo. Binti mwenyewe alisimama mbele ya refa. "Hajanigusa. Mimi ndiye niliyemgonga."

"Katupe mpira," refa alisema.

Mamdogo aliinuka polepole, goti moja kisha la pili. Kipepeo akamgeukia, mpira mkononi. "Dada, nitatupa. Nisamehe, lakini nitatupa, na nitafunga."

"Tupa. Ningekuwa wewe ningetupa na mimi." Kisha akatembea kwenda benchi, akiwa ameinua mikono yote miwili juu, viganja vimefumbwa, uwanja mzima uvione. Hakuiteremsha mpaka alipokaa. Mitupo yote miwili iliingia. Kombe likaenda kwao.

Mlangoni waandishi walimzonga. Mmoja akauliza kama sasa, baada ya yote, ataomba radhi. Mamdogo alivuta jezi akaonyesha bega. "Mwambieni kwanza anirudishie ngozi yangu," alisema, akapita.

Wiki iliyofuata nilikuwa kiwandani kuchukua mkate. Dirisha la kuuzia lilikuwa na foleni iliyopinda mpaka kwenye duka la umeme, na Mamdogo ndiye aliyekuwa akihudumia. Nikasikia mnong'ono unapanda foleni kama upepo. Msichana mwembamba aliyejifunga kitambaa kichwani alikuwa amefika, na watu walikuwa wanampisha. Bosi alitoka mbio, akajifuta mikono, akafungua mlango wa pembeni. "Karibu, karibu ndani! Malkia hapangi foleni!"

Kipepeo alisita, akamtazama Mamdogo kupitia dirishani. Mamdogo alikuwa anafunga mkate wa mteja kwenye karatasi. Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza.

"Shikamoo, dada. Nimekuja kutafuta mkate laini, usio na ganda."

"Marahaba. Upo, nimekuokea tangu asubuhi," Mamdogo alisema. Kisha akanyoosha kidole kirefu kuelekea duka la umeme. "Foleni inaanzia kule nyuma."

Bosi akashika kichwa. Kipepeo akacheka kwa sauti, akashuka foleni yote mpaka mwisho, akasimama nyuma ya mzee mmoja mwenye kikapu.